Miadi imejaa, mfuko mtupu: kisa cha mwalimu wa udereva wa kujitegemea Leicester

Deni la kodi ya serikali lilikuwa pauni 5,910, na siku ya mwisho ya kulilipa ilikuwa 31 Januari 2026. Benki kulikuwa na pauni 1,300. Kwa karibu miaka miwili daftari la miadi la mwalimu huyu lilikuwa limejaa, simu haikutulia, na watu walikuwa wakisubiri wenzao wafaulu ili wapate nafasi zao. Mtu wa namna hiyo anakosaje hela ya kodi?

Mwalimu mwenyewe ni wa mfano. Mapato na matumizi yake tumeyakadiria kutokana na mazingira ya kawaida ya kazi hii Uingereza. Kanuni, ada za serikali na viwango vya kodi ni halisi. Tumemweka Leicester kwa sababu mji huo una wazungumzaji wa Kiswahili wa kila rika, kuanzia wazee wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki hadi vijana waliofika juzi kutoka Dar, Mombasa na Bujumbura, na sehemu ya wanafunzi wake ni hao. Ana miaka 41. Kabla ya hapo alikuwa akisambaza vifurushi kwa gari dogo la mizigo.

Njia aliyoingilia haina mkato. Kumfundisha mtu udereva wa gari kwa malipo bila kusajiliwa na DVSA, mamlaka inayosimamia mitihani ya udereva, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Trafiki Barabarani ya 1988. Malipo ni pesa au chochote chenye thamani ya pesa, kwa hiyo ile habari ya "nitie mafuta halafu unipe kitu kidogo" inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya jamii zetu haina kinga yoyote. Mwombaji awe na miaka 21 na zaidi, awe na leseni kamili kwa miaka 3, na achunguzwe rekodi yake ya jinai. Kisha kuna mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa nadharia (pauni 81): maswali 100 kwa dakika 90, alama ya kupita 85, pamoja na video 14 za kutambua hatari ambazo unahitaji alama 57 kati ya 75. Wa pili ni wa kuendesha (pauni 111), karibu saa nzima, na makosa madogo yasizidi 6. Wa tatu ni wa kufundisha (pauni 111): mtahini anakaa nyuma dakika 45 akikutazama na mwanafunzi halisi, akipima vipengele 17 kwa alama 0 hadi 3. Ukipata 31 umepita daraja B, ukipata 43 ni daraja A. Lakini ukiambulia 7 au chini kwenye eneo la kudhibiti hatari, umeanguka hata kama jumla yako ni nzuri. Mtihani wa pili na wa tatu kila mmoja una majaribio matatu tu, na yote yamalizike ndani ya miaka 2 tangu kupita nadharia. Usajili ni pauni 300 kwa miaka 4. Baada ya hapo unabandika beji ya kijani kwenye kioo cha mbele na unaanza kutoza.

Hapo ndipo wengi huamini kazi imekwisha. Wamejifunza kufundisha, hakuna aliyewafundisha biashara.

Mwaka wa kwanza kwa tarakimu

Alianza Aprili 2024 chini ya shule moja ya udereva iliyomkodisha gari lenye pedali mbili (breki na klachi za ziada upande wa mwalimu), bima, matengenezo na jina la shule kwenye kibao cha juu. Yeye si mwajiriwa. Anajitegemea kikodi, ila kila wiki analipa shule pauni 195. Dereva wa daladala ataelewa mpango huu haraka: ni hesabu ya tajiri. Siku ikiwa mbaya, hesabu haipungui.

Bei yake ilikuwa pauni 36 kwa saa, au pauni 340 kwa fungu la saa 10. Nusu ya saa zake ziliuzwa kwa mafungu, kwa hiyo wastani ukawa pauni 35. Alijaza saa 32 kwa wiki na kufanya kazi wiki 46. Kichwani alipiga 32 mara 46 mara 36 akapata pauni 52,992, na ndiyo tarakimu aliyomtajia mkewe.

Saa zilizolipwa kweli zilikuwa 27 kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 1,242, sawa na pauni 43,470.

Kutoka hapo toa hesabu ya shule: 195 mara 52, pauni 10,140. Wiki 52, si 46, kwa sababu mkataba ulimtoza hata alipokuwa likizo na alipougua mafua makali. Mafuta: maili 550 kwa wiki zikiwemo za kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi, gari likila galoni moja kwa maili 38. Wanafunzi hukaa gia ya kwanza na ya pili muda mrefu, kwa hiyo usitumie tarakimu ya kiwandani. Kwa pauni 1.38 kwa lita inakuja pauni 4,177 kwa mwaka. Simu, programu ya miadi na karatasi 600, mhasibu 300, kuosha gari 230, usajili 300. Jumla ya matumizi ni pauni 15,747, na faida ni pauni 27,723.

Si mshahara wa kudharau, mpaka uweke saa zote mezani. Wiki yake ilikuwa na masomo 24: 16 ya saa moja na 8 ya saa mbili. Kati ya somo na somo alisafiri wastani wa dakika 20, yaani saa 8 kwa wiki ambazo hakuna anayezilipa. Ongeza saa 3 za kujibu ujumbe, kupanga ratiba na kuandika hesabu. Saa 32 za darasani zimekuwa 43. Kwa mwaka ni saa 1,978, na faida ukiigawa inatoka kama pauni 14 kwa saa kabla ya kodi. Kima cha chini cha mshahara kisheria mwaka huo kilikuwa pauni 11.44, na anayekilipwa ana likizo yenye malipo na mwajiri anayemchangia pensheni.

Saa tano za kila wiki

Tofauti ya 32 na 27 haikuonekana kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Somo lililoahirishwa alilifuta kwenye programu, na kilichofutwa hakiachi alama. Alipoanza kuziandika kwa mwezi mmoja, picha ikawa hivi: saa 3 ziliondoka kwa kuahirishwa dakika za mwisho, saa 1 kwenye siku za mtihani, na saa 1 kwenye mianya ya mchana iliyobaki tupu kati ya saa 6 na saa 8.

Ya kuahirishwa ndiyo yenye mjadala mrefu, kwani walimu wengi wanaona haya kumtoza mtu ambaye hakufundishwa. Kilichokuwa kinamkwamisha ni kwamba hakuwa na sharti lolote lililoandikwa. Ukimtoza mtu bila kumwambia mapema, unagombana naye, na sheria ya haki za mlaji ya 2015 haikubali masharti yasiyo ya haki wala yaliyofichwa. Sharti linalosimama ni fupi, la wazi, na linatumwa kabla ya somo la kwanza: "Somo likiahirishwa chini ya saa 48 kabla ya muda wake, ada yake italipwa yote, isipokuwa nafasi hiyo ikipata mtu mwingine." Sehemu ya mwisho ndiyo inayolifanya liwe la haki, na inakupa sababu ya kuwa na orodha ya watu wa ghafla: wanafunzi sita au saba waliosema wanaweza kuja kwa taarifa ya siku moja. Ujumbe mmoja kwao, anayejibu kwanza anachukua.

Sharti pekee halitoshi bila malipo ya mbele. Mtu ambaye hajalipa hana anachopoteza, na wewe huna cha kushikilia isipokuwa kumdai. Kuanzia somo la pili, malipo yaingie benki saa 48 kabla. Udhuru wa kweli upo, msiba na hospitali havijadiliwi. Lakini "nimechoka leo, mwalimu" isamehewe mara moja kwa kila mwanafunzi, na umwambie kwamba hiyo ndiyo moja yake.

Kuna chanzo kingine cha masomo kupotea ambacho kinawahusu wanafunzi wetu tu, nacho ni saa. Ukiandika "kesho saa 4" kwa mtu wa Tanga aliyeishi Leicester miaka kumi, hujui kama atakungoja 10:00 asubuhi au 16:00 jioni, naye ana haki ya kuelewa vyovyote. Andika 10:00 au 16:00, tarakimu nne kila mara, hata kama mazungumzo yote ni ya Kiswahili.

Siku ya mtihani ilikuwa inamgharimu bila yeye kujua. Mwanafunzi anajilipia mwenyewe ada ya DVSA, pauni 62 siku za kazi. Mwalimu alitoza saa 1 ya mazoezi kabla ya mtihani, akaliona gari lililokaa kwa mtahini kama fadhila. Ukikokotoa, ni kumchukua mwanafunzi nyumbani na kufanya mazoezi ya saa moja, kufika dakika 10 kabla, mtihani wa dakika 40, maelezo ya mtahini, na kumrudisha mtu aliyefurahi au anayelia. Haipungui saa 2 na nusu, na itozwe hivyo, iandikwe kwenye masharti ili isiwe jambo la kushtukiza. Na gari likaguliwe jana yake. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, tairi likiwa na kina cha chini ya milimita 1.6, au likiwa lile jembamba la akiba, mtahini haingii. Mtihani unafutwa, ada imekwenda, na anayetarajiwa kuirudisha ni mwenye gari.

Kusafiri ni shauri la ramani. Vituo vya mtihani vya mji huo viko Wigston upande wa kusini na Cannock Street upande wa kaskazini-mashariki. Yeye alikuwa akitoka Braunstone kwenda Hamilton, kisha Oadby, akikatiza mji mara nne kwa siku, moja ya safari hizo saa za watu kutoka kazini. Mpango mpya uligawa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni kusini tu (Oadby, Knighton, Aylestone, Wigston), Jumanne na Alhamisi ni Belgrave, Rushey Mead, Hamilton na Thurmaston. Mwanafunzi wa magharibi aliyekuwa naye akamalizwa, na hakupokea mwingine. Somo la saa moja likafutwa kabisa. Kwa mwanafunzi wa mwanzo saa mbili ni ndefu, hilo ni kweli, na dakika kumi za katikati mkiwa mmesimama mnaongea zinahitajika. Lakini katika somo la saa moja dakika kumi za mwanzo ni kukumbuka, tano za mwisho ni tathmini, na mtu wa Hamilton hawezi kufika barabara ya kasi kubwa na kurudi.

Wanafunzi waliokwisha kuendesha kwao

Theluthi moja ya wanafunzi wake ni watu wazima waliokuwa na leseni Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo. Leseni hizo hazibadilishwi kuwa ya Uingereza. Mwenye leseni ya Tanzania anaruhusiwa kuendesha miezi 12 tangu awe mkazi, kisha anarudi kuwa mwanafunzi: leseni ya kujifunzia, kibao cha L, nadharia na mtihani wa barabarani. Anaudhika, na ana haki ya kuudhika. Anaomba masomo mawili tu "ya kuonja mtihani".

Kumkubalia ni kosa la kibiashara. DVSA huwatazama walimu kwa matokeo ya wanafunzi wao ya miezi 12, kwa vigezo vinne: wastani wa makosa madogo ukifika 6 kwa mtihani, wastani wa makosa makubwa ukifika 0.55, mitihani ambayo mtahini alilazimika kuingilia usukani au breki ikifika asilimia 10, na ufaulu ukiwa asilimia 55 au chini. Mwalimu aliyegusa vitatu kati ya hivyo, akiwa na mitihani isiyopungua mitano, huitwa mapema kukaguliwa. Ukaguzi huo unatumia vipengele vilevile 17, na kuanguka mara tatu kunaweza kumwondoa kwenye rejista. Madereva wawili wazoefu waliokuja na masomo mawili wanaweza kuharibu robo nzima ya mwaka.

Mikono yao haina tatizo: klachi, gia na kilima wanaviweza kuliko kijana wa miaka 17. Wanaanguka kwa macho. Hawatazami kioo kabla ya kuwasha indiketa, hawageuzi shingo kuangalia upande usioonekana kwenye kioo, na kwenye mstari wa kusimama wanapunguza tu mwendo. Kwenye kipilefti chenye njia tatu wanashika ya kushoto kwa kila safari. Taa za mbele zikimulikwa wanaelewa "nakuja, kaa pembeni", wakati dereva wa Leicester mara nyingi amemaanisha "pita wewe". Watu wa Kongo, Burundi na Rwanda wana la ziada, kwani kwao wanashika kulia. Kwenye barabara yenye magari wanafuata wenzao vizuri. Hatari inakuja wakitoka maegesho ya duka kuingia barabara tupu, ambapo mwili unarudi kulia wenyewe. Fanya zoezi la kuingia barabara tupu mara kumi, asubuhi ya Jumapili, kabla ya kingine chochote.

Utaratibu uliofanya kazi ni huu. Somo la kwanza la saa mbili linakuwa tathmini yenye bei kamili, na dakika 40 za kati zinaendeshwa kama mtihani, mwalimu kimya, akiandika. Kisha mwanafunzi anaoneshwa karatasi: makosa madogo zaidi ya 15 ni kuanguka, kosa kubwa moja ni kuanguka. Mtu anapoona ana makubwa manne, biashara ya masomo mawili inaisha bila ugomvi, na wengi wa kundi hili huhitaji kati ya saa 12 na 20. Kufundisha kwa Kiswahili kunaharakisha maelezo, hasa ya vipilefti na haki ya njia. Hata hivyo tangu 7 Aprili 2014 hakuna mkalimani wala sauti ya lugha ya kigeni kwenye mitihani hii, kwa hiyo maelekezo ya njia yatolewe kwa Kiingereza kuanzia somo la pili, kwa maneno yaleyale atakayoyatumia mtahini. Mwanafunzi akigeuka kulia alipoambiwa kushoto, akageuka kwa usalama, hajakosa. Anayekosa ni yule anayesita katikati ya makutano akitafsiri kichwani.

Hesabu ya tajiri au gari lako

Sababu ya kulipa pauni 195 kwa wiki ni mbili: gari, na wanafunzi wanaoletwa na shule. Ya pili ilikuwa imekufa. Masubirio ya mtihani katika vituo vingi yamefika miezi, mwanafunzi mmoja anakaa na mwalimu muda mrefu kuliko zamani, na watu wanawatafuta walimu. Tangu mwezi wa nane shule ilikuwa imemletea wanafunzi watatu. Alikuwa analipia mlango ambao watu hawapitii tena.

Gari lake mwenyewe lilikadiriwa hivi kwa mwaka: hatchbaki ndogo ya petroli ya miaka mitatu kwa pauni 12,000, ikishuka thamani pauni 2,500; pedali za mwalimu pauni 450 zikigawanywa miaka mitatu, 150; bima ya mwalimu wa udereva 1,100; huduma, matairi, breki na akiba ya klachi 1,300; kodi ya barabara 195; ukaguzi wa MOT (wa usalama wa gari kila mwaka) 55; huduma ya kuvutwa 120; wiki moja ya kukodi gari la pedali mbili lake likiwa gereji 250; matangazo 500. Jumla pauni 6,170, pungufu ya hesabu ya shule kwa pauni 3,970. Hii ni hesabu ya mfuko. Kwa kodi, kushuka thamani hakutolewi hivyo. Mhasibu atatumia posho za mtaji (makato ya kikodi kwa gharama ya kununua gari), na kile kiwango cha mkato cha peni 45 kwa maili hakihusu gari la pedali mbili. Tunza risiti.

Klachi isidharauliwe. Mwanafunzi anayelishikilia gari kwenye kilima kwa klachi badala ya breki ya mkono anakula sahani yake kila somo, na dalili ya kwanza ni injini kupandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo kwenye gia ya nne. Matairi ya mbele ya kushoto huisha kwa pembeni kwa kusuguliwa na ukingo wakati wa kuegesha. Pedali za mwalimu, breki na klachi, huunganishwa kwa vyuma au kwa nyaya na pedali za dereva, na seti ni ya modeli maalumu ya gari, kwa hiyo hakikisha seti ya modeli hiyo ipo kabla ya kulipia gari. Fundi anayefunga vitu hivi kila siku anajua mahali nyaya zinapokwaruzwa. Fundi wa kawaida atajifunza kwako. Kila asubuhi zikanyage zote mbili gari likiwa limesimama: pedali iliyolegea au zulia lililosogea chini yake hugunduliwa hapo, si kwenye kipilefti. Na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kwamba gari linafundishia na linapelekwa mtihani.

Gari la gia za kawaida au la otomatiki? Anayefaulu kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha la gia za kawaida, na bado wengi wanalitaka. Kwa mwalimu mwenye gari moja na wanafunzi ambao robo yao wanatafuta kazi za udereva wa magari ya mizigo, gia za kawaida zilikuwa jibu. Mji mwingine ungeweza kujibu vinginevyo.

Deni la Januari

Turudi kwenye zile 5,910. Faida ya 27,723 inatolewa posho binafsi ya 12,570 (sehemu isiyotozwa kodi), inabaki 15,153. Kodi ya mapato asilimia 20 ni pauni 3,031, na mchango wa bima ya taifa wa daraja la 4, asilimia 6, ni pauni 909. Jumla pauni 3,940. Hiyo ndiyo aliyokuwa ameisikia, na alikuwa ameikopa kiakili kutoka mafungu ya saa 10 ambayo watu wangelipa Januari.

Asichojua ni malipo ya awali. Deni la kujitathmini, yaani kodi unayoitangaza mwenyewe, likizidi pauni 1,000, na sehemu kubwa ya kodi haikukatwa kwenye mshahara, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inadai pia nusu ya kiasi hicho kwa ajili ya mwaka unaofuata, siku ileile ya 31 Januari, na nusu nyingine 31 Julai. Kwa hiyo 3,940 jumlisha 1,970 ni 5,910, na Julai kuna 1,970 nyingine. Inauma mara moja tu, mwaka wa kwanza wa kujitegemea, lakini inawamaliza watu.

Siku zile za mwisho zilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuomba malipo ya awali yapunguzwe, ni halali kama faida ya mwaka ujao itashuka. Yake ilikuwa inapanda, na ukipunguza kupita kiasi unalipishwa riba. Ya pili, kadi ya mkopo, haistahili maelezo. Ya tatu ndiyo aliyoichukua: ritani (fomu ya taarifa ya kodi ya mwaka) alishawasilisha kwa wakati, kwa hiyo hakukuwa na faini ya pauni 100, akalipa pauni 1,200 na kupanga mtandaoni salio la pauni 4,710 kwa miezi 10, pauni 471 kila mwezi. HMRC hukubali mpango wa mtandaoni kwa deni lisilozidi pauni 30,000 ukiomba ndani ya siku 60 za tarehe ya mwisho. Riba inaendelea, lakini mpango ukifanywa kabla ya siku 30 kupita na ukifuatwa, faini ya asilimia 5 ya kuchelewa haiji.

Baada ya hapo, asilimia 15 ya kila pauni inayoingia huhamishwa siku hiyohiyo kwenye akaunti nyingine. Deni la mwaka wa kwanza lilikuwa asilimia 13.6 ya mapato ghafi, kwa hiyo 15 ilitosha kwa hesabu zile. Pesa za mafungu nazo zikapata akaunti yake, na huchotwa somo likishafundishwa. Mwanafunzi akihama mji na saa sita mkononi, anarudishiwa bila mtu kukopa. Kikodi, anayetumia mfumo wa fedha taslimu, ambao ndio wa kawaida tangu mwaka wa kodi 2024/25, huzihesabu siku zilipoingia, hata kama somo ni la Mei.

Mwaka wenye marekebisho ulipangwa kwa saa 30 za miadi, masomo 15 ya saa mbili, bei moja ya pauni 37 bila punguzo. Saa za kulipwa 28.5 kwa wiki ni 1,311 kwa mwaka, pauni 48,507. Gari 6,170, mafuta ya maili 500 kwa wiki 3,797, na mengine yakiwemo makato ya kadi 1,530: jumla 11,497. Faida 37,010. Safari zikiwa dakika 15, wiki nzima ni saa 36.75, na saa moja ya kazi inatoa karibu pauni 22 badala ya 14.

Ongezeko la faida ni pauni 9,287. Bei mpya imechangia 2,484, saa zilizookolewa 2,553, kupungua kwa gharama 4,250. Walimu wakikutana hubishana kuhusu bei ya saa, na hapa bei imeleta chini ya theluthi moja.

Kuhama shule kunahitaji mpangilio wa tarehe. Mkataba wake ulitaka notisi ya wiki 12, na walimu wengine hubanwa kwa miezi sita. Soma pia kama wanafunzi walioletwa na shule ni wako, na nani anashikilia pesa walizolipa mbele. Yeye alitoa notisi Februari, akanunua gari wiki ya nane, pedali zikafungwa siku moja wiki ya tisa, bima ikaanza wiki ya kumi. Wiki mbili alizolipa pande zote zilimgharimu pauni 390 za hesabu, na zilikuwa za lazima: wanafunzi watatu walikuwa na mitihani wiki ya kumi na nne, na kila mmoja alihitaji saa sita hadi nane za kuizoea klachi mpya. Mwanafunzi wa nne, wa wiki ya kumi na moja, alifanya mtihani kwa gari la shule siku tano kabla ya kulirudisha.

Kilichobaki ni programu ya hesabu. Kuanzia 6 Aprili 2027, mwenye mapato ghafi ya kujitegemea na ya pango yanayozidi pauni 30,000 kwenye ritani ya 2025/26 atatuma taarifa HMRC kila robo mwaka kwa njia ya kidijitali. Kinachopimwa ni mapato kabla ya matumizi, kwa hiyo karibu kila mwalimu wa muda wote yumo. Programu yake ya miadi inatoa faili la mapato tu, na mafuta bado anayaandika kwenye daftari lililoko kwenye mfuko wa mlango.